Pishi sita na vibaba vitatu

Jioni moja ya Alkhamisi, tukiwa bado tunalipa, mama mmoja mchumaji alirudi kwenye meza yangu akiwa ameshazifunga pesa zake kwenye pindo la kanga. Akazifungua, akaziweka mbele yangu. "Mwalimu," akanambia, "hizi hazijakaa sawa. Jumatatu nimepimiwa pishi sita na vibaba vitatu. Vibaba vyangu vimekwenda wapi?" Nikamgeuzia kioo cha kompyuta, nikamwambia kompyuta haikosei. Alikitazama kwa adabu, akazifunga tena pesa zake, akenda zake.

Usiku ule usingizi haukuja. Mama yule si mtu wa kudai kisichokuwa chake, na mimi nilimjibu kwa kitu ambacho hana njia ya kukipinga.

Nasomesha hesabu skuli ya msingi hapa Wete, Pemba, na kila msimu wa karafuu namshikia mjomba wangu hesabu za wachumaji katika shamba lake la Mtambwe. Kwa asiyeijua kazi hii: mchumaji wetu halipwi kwa siku wala kwa kilo. Karafuu mbichi zikishachambuliwa, makonyo (vijiti vyake) kando na karafuu kando, hupimwa kwa pishi, na pishi moja ni vibaba vinne. Kilo huja baadaye, karafuu zikishaanikwa na kukauka, zinapopelekwa kituo cha ununuzi cha ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar. Kwa hiyo huyu ataondoka na pishi tano kamili, yule na pishi sita na vibaba vitatu, na vile vibaba vitatu ni saa nzima ya kuning'inia juu ya mkarafuu. Si vitu vya kupotea.

Mjomba ameandika mambo haya kwa kalamu miaka yote. Mimi ndiye niliyetaka kompyuta. Nilikuwa nimeanza kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, usiku, kwa simu kwanza, kisha kwa kompyuta mpakato iliyokwishatumika niliyoinunua Chake Chake. Python aliitoa Mholanzi Guido van Rossum mwaka 1991, na nilichokipenda ni kwamba maneno yake mwenyewe ni machache. Vitu vingine vyote unavipa majina wewe. Nikaandika pishi, vibaba, bei, jumla, na programu ikanielewa. Mtu ambaye amesomeshwa kompyuta kwa lugha yake mwenyewe tangu mwanzo hajui furaha ya kuona neno kibaba linafanya kazi ndani ya mashine.

Programu ya mwanzo ilikuwa mistari mitatu tu. Iulize pishi, iulize vibaba, izidishe pishi kwa nne ijumlishe vibaba. Nikaingiza 6, nikaingiza 3, nikitarajia 27. Ikanipa 66663.

Nilikaa na namba ile mpaka adhana ya isha. Nilifikiri nimeharibu kompyuta. Kumbe kila unachokiandika kwenye kibodi, Python hukipokea kama maandishi, hata kikiwa tarakimu. Sita yangu haikuwa sita, ilikuwa ni umbo la sita, kama namba iliyopakwa rangi mlangoni. Ukiliambia umbo lizidishe mara nne, litajiandika mara nne: 6666. Ukijumlisha umbo la tatu, litabandikwa mwishoni. Kompyuta ilinitii neno kwa neno. Dawa yake ni kuiambia wazi kwamba hii ni namba:

pishi = int(input("Pishi: "))
vibaba = int(input("Vibaba: "))
jumla = pishi * 4 + vibaba

Nimewasomesha watoto hesabu miaka kumi na moja bila ya kuwaambia kwamba alama 6 na idadi sita ni vitu viwili mbalimbali. Sasa nawaambia darasa la tatu, na wanafahamu upesi kuliko nilivyofahamu mimi.

Kitanzi kilikuja baadaye, kile cha kuiambia programu ipite kwa kila mchumaji mmoja mmoja mpaka orodha imalizike. Hapo nilijikwaa kwenye jambo linalomkwaza kila mtu: orodha ya Python huanza kuhesabiwa kwa sifuri. Nilianzia moja, na mzee wa kwanza katika orodha hakutokea. Nililiona siku ile ile, nikarekebisha.

Kosa la vibaba sikuliona.

Lilikuja kwa nia njema. Kuuliza mara mbili kwa kila mtu, pishi kisha vibaba, kulikuwa kunanichelewesha, watu wamesimama, magharibi inaingia. Usiku mmoja nikabadilisha programu iulize mara moja tu, nikawa naandika 6.3 kwa maana ya pishi sita na vibaba vitatu. Ilikwenda mbio. Niliona nimepata. Lakini 6.3 kwa kompyuta ni sita na sehemu tatu za kumi, na kwa pishi la mjomba vibaba vitatu ni robo tatu, yaani 6.75. Tuseme pishi moja ni shilingi 1,000: mama yule alikuwa amekatwa shilingi 450 kwa siku moja. Mwenye vibaba viwili amekatwa 300, mwenye kimoja 150. Aliyepimiwa pishi kamili hakukatwa kitu, ndiyo maana wengine walinyamaza na mimi nikapata nguvu ya kumwambia mwenzao kwamba kompyuta haikosei.

Nililigundua alfajiri, kwa kuhesabu kwenye karatasi. Na hapo ndipo tabu ya kweli ilipoanza, kwa sababu swali la mjomba lilikuwa moja: "Umeibadilisha siku gani?"

Sikujua. Nilifungua faili, nikatazama tarehe yake. Ilikuwa ya juzi, kwa sababu juzi niliongeza kichwa cha habari kwenye karatasi ya malipo, na tarehe ya faili ni ya mara ya mwisho kuhifadhiwa tu. Faili la zamani nililiandikia juu yake. Lililoulizia mara mbili halikuwepo tena popote. Ilikuwa wiki ya pili ya msimu, au ya tatu? Nilikuwa na wachumaji kumi na saba na wiki tano za malipo, na hakuna mstari wowote duniani unaosema haki iliishia siku gani na dhuluma ikaanza siku gani. Ikatubidi tuanze kuhesabu tangu siku ya kwanza.

Tulihesabu kutoka daftari la mjomba, maana yeye hakuwahi kuacha kuandika. Na nikiwa nalifunua jani kwa jani ndipo nililiona vizuri kwa mara ya kwanza, ingawa limekuwa mezani pake tangu mimi mdogo. Mjomba hafuti. Akikosea, hupiga mstari mmoja juu ya namba, mwembamba, ili namba ya zamani isomeke, kisha huandika mpya pembeni na maneno mawili matatu: "si 4 ni 5, kapimiwa tena mbele ya mkewe." Kurasa zake amezitia namba kwa mkono, moja mpaka mwisho, ili jani likichanwa lijulikane. Nilimuuliza kwa nini hatumii kalamu ya risasi na raba kama watu wengine. Akanambia, "Mwanangu, pesa za watu haziandikwi kwa kitu kinachofutika."

Alkhamisi iliyofuata kila mmoja alipewa baki yake. Mama wa pishi sita nilimfuata mimi nyumbani kwake, nikamtaka radhi. Akanambia, "Alhamdulillahi, mwalimu, mimi nilijua tu kuwa si sita na kitu." Akanipa mbata za nazi nichukue nyumbani.

Baada ya hapo nikawa muoga. Kila nikitaka kugusa programu nanakili faili kwanza. Mtoto wa kaka yangu, anayesoma mambo ya kompyuta Unguja, alipokuja na meli kwa likizo alifungua folda yangu akakuta malipo, malipo2, malipo_sahihi, malipo_sahihi_jana, malipo_sahihi_mjomba. Hakucheka. Aliniuliza tu, "Shangazi, ipi kati ya hizi ndiyo inayolipa watu?" Ilibidi nifikiri kabla ya kumjibu.

Ndiye aliyenitilia Git, programu ya kutunza historia ya kila badiliko la faili. Kanieleza kwamba Linus Torvalds, mzaliwa wa Ufini aliyeanzisha Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, mwaka 1991, aliiandika Git mwezi wa Aprili 2005, baada ya yeye na wenzake kupoteza ruhusa ya kutumia bure chombo walichokuwa wakikitumia kutunzia matoleo ya msimbo wao, yaani maandishi ya programu. Walikuwa maelfu ya watu walioenea duniani, kila mmoja anagusa faili zile zile. Kwa hiyo Git kaijenga ili kila mwenye nakala awe na historia yote, si ukurasa wa leo peke yake. Hilo kwetu ni kubwa. Umeme wa Pemba tangu 2010 unakuja kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, na ukikatika Mtambwe, mnara wa simu nao mara nyingine hunyamaza. Git haikujali. Kompyuta ikiwa na chaji, naandika, nahifadhi, nasoma historia, bila ya bando hata kidogo. Intaneti inahitajika siku ya kutuma tu.

Siku ya kwanza nilitatizwa na hatua zake mbili. Kwa nini kuna git add halafu git commit? Si kuhifadhi ni kuhifadhi? Mtoto akajaribu kunieleza kwa maneno ya chuoni, hayakuingia. Yakaingia jioni tulipokuwa tumekaa na wanawake tunachambua. Karafuu zinatoka mtini na makonyo, majani, na zilizokwishachanua. Hazendi hivyo kwenye pishi. Unachagua kwanza, unazitenga, ndipo zinapimwa na kuandikwa. Ule utengaji ndio git add: katika niliyoyagusa leo, haya ndiyo yanayokwenda kupimwa. Kupimwa na kuandikwa daftarini ndiyo git commit, na kila uandishi mmoja naiita kumbukumbu. Nikigusa mambo mawili usiku mmoja, bei na kichwa cha karatasi, nayatenga na kuyaandika mbalimbali, kila moja na kumbukumbu yake.

Na kila kumbukumbu ina alama yake, mfuatano wa tarakimu na herufi 40, unaopatikana kwa kukokotoa vilivyomo ndani yake pamoja na alama ya kumbukumbu iliyotangulia. Ukibadilisha jambo moja la nyuma, alama zote za mbele yake hubadilika. Nilipoelezwa hilo nilisimama nikaenda kumwita mjomba. Ni zile kurasa zake alizozitia namba kwa mkono.

Ila nilikuwa nimepata chombo bila ya adabu yake. Kila kumbukumbu hutakiwa iandikiwe ujumbe, na mimi nikawa naandika "mabadiliko". Kesho yake "mabadiliko". Keshokutwa "nimerekebisha". Baada ya mwezi nikaandika git log, amri ya kuorodhesha kumbukumbu zote, kutafuta nilipogusa hesabu ya bei, ikaniletea ukurasa mzima wa "mabadiliko". Tarehe nilikuwa nazo sasa, lakini sababu hamna. Git itakuonesha kwa git diff mstari upi uliondoka na upi ukaingia, wa kutoa una alama ya kutoa mbele yake, wa kuongeza una alama ya kujumlisha (float ni namba ya desimali, int ni namba nzima):

- kiasi = float(input("Pishi: "))
+ pishi = int(input("Pishi: "))
+ vibaba = int(input("Vibaba: "))

Hiyo ndiyo kumbukumbu ninayoithamini kuliko zote, ya siku niliyorudisha vibaba mahali pake. Na ujumbe niliouandika siku hiyo ni "nimerekebisha". Mtu akiusoma baada yangu hatajua kuwa mistari hii mitatu ni wachumaji kumi na saba na wiki tano. Mjomba katika nafasi ndogo ya pembeni ya daftari angeliandika: nini, kwa nini, mbele ya nani.

Kuna jambo jengine nililijua hapo, nalo halihusu Git, lakini lilinifurahisha sana nisiweze kuliacha. Muulize Python 0.1 kujumlisha 0.2, atakwambia 0.30000000000000004. Kompyuta huhesabu kwa mbili, nusu na nusu ya nusu, na sehemu ya kumi haigawiki vizuri humo, inabaki mkia. Lakini muulize 0.25 kujumlisha 0.5, atakupa 0.75 safi. Nusu, robo na thumni kwake hazina mkia. Maana yake kibaba na pishi la wazee wetu vinakaa ndani ya mashine kwa raha kuliko desimali tunazowasomesha watoto. Hata hivyo mimi sasa natumia vibaba vizima tu, 27 ni 27, na shilingi nzima. Sitaki mkia katika pesa za mtu.

Tulikosana na mtoto wa kaka yangu mara moja katika bei. Mjomba aliongeza malipo ya pishi katikati ya msimu. Mimi huku nikaandika 1,200, yeye Unguja kasikia kwa simu 1,500, akaandika katika tawi lake, yaani mkondo wake wa kazi kando na wangu. Nilipotaka kuyaunganisha, Git ikasimama. Ikaniwekea bei zote mbili ndani ya faili, moja juu na moja chini, zimetenganishwa na mistari ya alama, ikangoja. Niliingiwa na hofu, kisha nikaona inafanya sawa. Haijui pishi ni shilingi ngapi Mtambwe. Nilimpigia mjomba, ikawa 1,500, nikafuta isiyo kweli na zile alama, nikaandika kumbukumbu.

Lililonitia homa ni jengine. Ili yeye aone kazi yangu akiwa Unguja, niliituma kwenye GitHub, tovuti ya kuwekea kazi za Git. Ghala ya kule, yaani folda ya kazi pamoja na historia yake, unaweza kuifanya ya faragha au ya wazi, na mimi niliiacha wazi. Ndani yake, pamoja na programu, mlikuwa na faili la wachumaji: majina, namba za simu, kila mmoja kapata shilingi ngapi. Lilikaa siku mbili kabla ya yeye kunipigia: "Shangazi, ifunge ile sasa hivi." Nikalifuta lile faili, nikaandika kumbukumbu, nikatuma. Nikampigia kumwambia nimemaliza. Akanambia, "Bado limo." Nilibishana naye. Akaniambia nirudi kumbukumbu moja nyuma. Nikarudi, nikalikuta, majina yote, simu zote.

Kile kile nilichokipenda kwa Git, kwamba haisahau, ndicho kilichonigeukia. Kulifuta faili leo ni kuandika kwamba leo halipo. Jana bado lipo. Tuliifuta ghala yote kule mtandaoni, tukaanza upya ikiwa ya faragha, na faili la kwanza tuliloliweka ni lile la .gitignore, linaloitajia Git vitu isivyotakiwa kuvigusa kabisa. Jina la faili la wachumaji ndilo la juu. Daftari la mjomba nalo halifutiki, lakini hulala kwenye sanduku lake lenye kufuli, na mimi nilichukua yale yasiyofutika nikayaweka njiani.

Mjomba hakunigombeza. Alisema, "Wao ndio wenye majina. Kawaambie." Alkhamisi, kabla ya kulipa, nikawaambia: majina yenu na simu zenu zilikuwa wazi siku mbili mahali ambapo mtu yeyote angeliweza kusoma, nimeshaondoa, kosa ni langu. Kijana mmoja akauliza kama ndiyo sababu anapigiwa simu na watu asiowajua. Nikamjibu kwamba sijui, na huenda. Sikuwa na jawabu jengine la haki. Wengine walinyamaza. Mama wa pishi sita akauliza kama vibaba vimo salama, nikamwambia vimo.

Msimu huu programu inauliza tena mara mbili, pishi kisha vibaba. Inachelewa. Kila mchumaji husomewa namba zake kwa sauti kabla sijabonyeza, na akikataa tunarudi kwenye kipimo. Usiku, nikishakula, naandika kumbukumbu. Juzi mjomba alikaa karibu yangu, miwani yake mkononi, akataka nimsomee nilichokiandika kuhusu malipo mapya. Nikamsomea: "Bei ya pishi imepanda kutoka 1,500 kwa sababu karafuu zilizobaki ziko juu sana mitini na wachumaji wanahitaji ngazi ndefu."

Akatikisa kichwa. "Mbele ya nani?"

Nikaongeza: "Mjomba kasema mwenyewe, barazani, Alkhamisi baada ya magharibi, mbele ya wachumaji kumi na wanne." Akavaa miwani, akausogeza uso kwenye kioo, akayasoma maneno yote taratibu kwa kidole, akanambia sasa nihifadhi.